Wagonjwa Wangu Wananitaka Bungeni

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni daktari wa familia katika mji mdogo wa mashariki ya Oregon, Marekani, ng'ambo ya milima ya Cascade, kwenye ngano, ng'ombe na upepo. Nimezaliwa Lushoto. Nilikuja huku kusomea ubingwa, nikaruhusiwa kubaki kwa sharti kwamba nitibu miaka 3 mahali ambapo madaktari ni haba. Miaka 3 ikaisha, sikuondoka. Huu ni mwaka wa 11. Nimeapa uraia, nimeolewa na mwalimu wa shule ya hapa, na watoto wetu wawili wanaamkia wakubwa kwa Kiswahili halafu wanagombana kwa Kiingereza.*

*Mjini tuko madaktari wawili, na mwenzangu ana miaka 67. Wodi ya uzazi iliyokuwa karibu nasi imefungwa. Mama mwenye uchungu sasa anasafiri saa moja na nusu, na theluji ikizidi njia ya mlimani hufungwa. Januari iliyopita nilipigiwa simu saa tisa usiku. Nilimkuta binti wa miaka 19 kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, kando ya kituo cha mafuta, kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Nikampokea mtoto kwa koti la baba yake. Yu hai, mnene, anacheka. Lakini tangu usiku ule silali vizuri. Nikifumba macho naona mvuke ukipanda kwenye kile kitoto, kama uji ulioepuliwa sasa hivi.*

*Mwezi uliopita watu wanne walikuja nyumbani: mwalimu mkuu mstaafu, mfugaji, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mchungaji. Kiti chetu katika bunge la jimbo kitakuwa wazi mwakani. Wananitaka nigombee. Wanasema mtu aliyewazalisha binti zao na kuwafumba macho wazee wao hana haja ya kujitambulisha.*

*Mama, nataka kwenda. Nimechoka kushona nguo ileile inayochanika palepale kila siku. Lakini nina mzee mmoja wa kisukari, mchungaji wa ng'ombe maisha yake yote, ambaye hamvulii soksi mtu yeyote ila mimi. Nikiwa bungeni, kule Salem, nani atamtazama miguu? Nikienda, nitakuwa nimewatupa? Mume wangu anasema niamue mwenyewe, na jibu hilo ndilo linalonitisha. Mama yangu amesema kwenye simu, "Nilikusomesha ukatibu watu, sikukusomesha ukapige domo."*

*Nishauri.*

*Daktari wa Ng'ambo ya Milima*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na pale kwenye mvuke nikalazimika kuiweka mezani kidogo.

Umeuliza kama kwenda bungeni ni kuwatupa wagonjwa wako. Ndiyo. Baadhi yao utawatupa. Bunge la Oregon linaruhusiwa kukaa hadi siku 160 katika mwaka wa namba witiri, na siku 35 katika mwaka wa shufwa. Siku 160 ni zaidi ya miezi mitano, na wewe uko upande wa pili wa mlima. Kidonda cha mzee wako hakitasubiri kikao kiahirishwe. Atakayekuambia kwamba utayafanya yote mawili na hakuna atakayeumia, mshukuru kwa upendo wake, lakini ushauri wake usiufuate.

Nimelisema hili mapema kwa sababu wanne waliokuja kwako hawakulisema. Hawakukudanganya. Wao wanakuona jinsi mgonjwa anavyomwona daktari wake, kama mtu ambaye daima yupo.

Sasa nikupe kisa cha jimbo lako mwenyewe, ambacho wazee wa hapo kwako wanakikumbuka. John Kitzhaber alikuwa daktari wa chumba cha dharura mjini Roseburg, mji wa mbao ulio kando ya mto Umpqua, kusini magharibi ya Oregon. Alimaliza shule ya udaktari mwaka 1973. Mwaka 1978, akiwa na miaka 31, akachaguliwa kuingia baraza la wawakilishi la jimbo, 1980 akaingia seneti, na kuanzia 1985 hadi 1993 akawa rais wa seneti hiyo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliendelea kushika zamu hospitalini.

Hapo utaniambia, "Mbona yeye aliweza?" Aliweza kwa sababu mbili ambazo wewe huna. Siku zile bunge la Oregon lilikuwa na kikao cha kawaida mara moja tu kila miaka miwili. Na daktari wa dharura hufanya kazi kwa zamu: anampokea mtu asiyemjua, anazuia damu, anamkabidhi kwa mwingine, zamu ikiisha anavua koti. Hakuna mzee anayemsubiri yeye peke yake avue soksi. Wewe ni daktari wa familia. Unamjua bibi, mama na mtoto, unajua nani anakunywa kwa siri na nani anapigwa. Kazi yake ingeweza kugawanyika, yako haigawanyiki kirahisi. Basi usijipime kwa kipimo chake kwenye ratiba. Lakini kuna jambo jingine lake ambalo nataka ujipime nalo.

Mwenyewe amesimulia kilichomsukuma. Jimbo lilipoishiwa fedha, bunge lilipunguza watu waliokuwa wakitibiwa kwa Medicaid, ile bima ya wenye kipato cha chini. Yeye alikaa kwenye bunge lililopunguza, kisha akarudi Roseburg kushika zamu, na mlangoni wakaletwa waliopunguzwa. Mtu aliyekosa dawa ya presha haji kuomba dawa ya presha. Analetwa amepooza upande mmoja. Bungeni ilikuwa tarakimu iliyokatwa kwa kalamu, na kwenye machela ni mdomo uliopinda unaojaribu kutaja jina la mke wake. Nadhani wewe ungeona hivyohivyo, na ndiyo maana unataka kwenda.

Ila sikiliza kilichofuata. Mwaka 1987 Oregon iliamua kuacha kulipia upandikizaji wa viungo na wa uboho kwa watu wa Medicaid. Hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa hii: fedha zilezile zingelipia upandikizaji kwa watu wapatao 30, au matibabu ya kawaida, yakiwemo ya wajawazito, kwa watu wapatao 1,500. Wakachagua 1,500. Muda si muda mtoto mmoja wa kiume wa miaka 7, mwenye saratani ya damu, akahitaji uboho. Familia yake ikaanza kuchangisha. Televisheni zikamwonyesha. Desemba mwaka huohuo mtoto akafa, michango ikiwa bado haijatimia.

Nchi nzima ikaigeukia Oregon. Mwezi uliofuata wabunge wakajaribu kuzirudisha zile fedha. Mtu mmoja, daktari, rais wa seneti, akasimama akapinga. Hoja ya Kitzhaber ilikuwa kwamba hata wakirudisha fedha hizo, kuna watu wengine watakufa kwa kukosa matibabu, ila hao hawana picha kwenye televisheni. Kurudisha kukashindikana.

Mwanangu, kaa hapo kidogo. Usipite haraka.

Daktari hufundishwa kumpigania aliye mbele yake. Huulizi kama kitanda kingewafaa wengine zaidi. Mgonjwa ni huyu, unampigania huyu, na mgonjwa akijua hivyo ndipo anapokuamini. Mtunga sheria anabebeshwa kazi iliyo kinyume cha hiyo. Anatakiwa ampiganie asiyekuwepo chumbani, asiye na jina, hata kama aliyepo analia. Wengi huzungumzia madaktari wanaoingia siasa kana kwamba ni udaktari uleule uliopanuliwa, kwamba jana ulitibu mmoja, kesho utatibu elfu. Mimi siamini hivyo. Ni kazi nyingine, na siku nyingine kazi hizi mbili hukutana uso kwa uso na moja lazima ipishe.

Sikusifii kila alichofanya. Kutokana na yale machungu alisukuma sheria iliyopita mwaka 1989 ikaanzisha mpango wa afya wa Oregon. Tume ya watu 11, madaktari na raia wa kawaida wakiwa pamoja, ikapewa kazi ya kupanga maradhi na tiba zake kwa mstari, kuanzia cha lazima kabisa hadi kinachoweza kusubiri, na bunge liamue fedha zinafika namba ngapi. Iliitishwa mikutano 47 katika miji na vitongoji watu waseme wanathamini nini. Orodha ya kwanza ilipotoka mwaka 1990, iliyopangwa kwa hesabu ya gharama na faida peke yake, kufunika jino kulikaa juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Wakaitupa wakaanza upya. Ya mwaka 1991 ilikuwa na mistari 709, na fedha zikaishia mstari wa 587. Serikali ya shirikisho ikaikataa mwaka 1992 kwa hofu kwamba inawabagua walemavu, ikaikubali mwaka uliofuata baada ya marekebisho, na Februari 1994 mpango ukaanza. Zaidi ya watu 100,000 ambao hawakuwa na bima wakaipata.

Laki moja. Hesabu hiyo siwezi kuidharau. Lakini kuna jambo ambalo hadi leo linanikaa vibaya kifuani: orodha ile iliwahusu walio kwenye Medicaid. Waliochora mstari hawakuishi chini yake. Ukifika Salem ukajikuta unachora mstari wa namna hiyo, na utajikuta, jiulize kama mwanao angelala upande gani. Halafu fedha zilipopungua tena miaka ya 2000, mpango ukafungiwa milango, na mwaka 2008 nafasi chache zilizobaki zikagawiwa kwa bahati nasibu. Nafasi 10,000 hivi, na waliojiandikisha walikuwa karibu 90,000. Kwa hiyo usiende ukidhani utajenga kitu kikasimama milele. Anayekuja baada yako naye ana kalamu ya kukatia.

Sasa mrudie binti wa kwenye pikapu. Mpaka sasa yeye ndiye sababu yako ya kugombea, na ni sababu njema. Lakini jimbo lina wawakilishi 60, na kila mmoja anabeba watu takriban 70,000. Siku moja watakuletea karatasi mbili. Ya kwanza inafungua tena wodi yako ya uzazi, kwa wanawake labda 80 kwa mwaka, kwa gharama kubwa ya wauguzi na daktari wa usingizi wanaopaswa kuwepo usiku na mchana hata pasipokuwa na mzazi. Ya pili inalipia wakunga na magari ya wagonjwa kwenye kaunti sita ambako hujawahi kulala hata usiku mmoja. Fedha ni za moja tu. Utapigia ipi? Na ukipigia ya pili, utamtazamaje yule binti utakapomkuta kituo cha mafuta?

Kama huna jibu leo, si vibaya. Nataka tu ulale na swali hilo usiku ambao unalala na ule mvuke.

Nalijua swali hili tangu utotoni. Baba yangu alikuwa tabibu wa zahanati, Tanga vijijini. Chumba kimoja cha kutibia, veranda moja, benchi moja refu la mninga lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa mpaka likawa linateleza. Alistaafu, na serikali za mitaa ziliporudishwa miaka ya 1980, watu wa benchi lile wakamchagua diwani. Ilionekana ni jambo la kawaida kabisa. Nani mwingine aliwajua kama yeye?

Halmashauri ikapata fedha za kivuko kimoja. Mito ilikuwa miwili. Mmoja ulipita nyuma ya kijiji chetu, na masika ulikuwa ukitukata na barabara. Wa pili ulikuwa mbali, kwa watu ambao sisi watoto tuliwaita wa kule. Baba akatoa daftari zake za zahanati, zile kubwa zenye gamba la bluu, akaketi nazo siku mbili chini ya karabai. Alihesabu wanawake waliofikishwa kwake wamechelewa wakati wa mvua. Wengi walikuwa wa kule. Akapiga kura kivuko kiende kule.

Alipopita madukani jioni ile hakuna aliyemjibu salamu. Shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, alikaa zaidi ya mwaka hajakanyaga kwetu. Na masika yaliyofuata mama mmoja wa kijijini petu akafia ng'ambo ya mto wetu, kitanda cha kamba kikiwa mabegani mwa wanaume waliokuwa wakisubiri maji yapungue. Baba alikuwa amemzalisha mama huyo mtoto wake wa kwanza. Alikwenda kuzika, akasimama nyuma kabisa. Sikumwona akitetea kura yake, na sikumsikia akiijutia. Zile daftari hazikurudi kabatini, alizihamishia chini ya kitanda chake.

Sijui kama ningekuwa na moyo wake, na sikulazimishi uwe nao. Ila ujue kwamba kura za namna hiyo zipo, na wanaokuchagua kwa sababu uliwazalishia binti zao ndio watakaoumia zaidi ukimpigia kura mtu wa kule.

Kuhusu mume wako. Umesema jibu lake linakutisha. Mimi nalisoma hivi: anaogopa kukuzuia ukamlaumu, na anaogopa kukusukuma ukajilaumu. Mketishe. Mwulize nani atawapeleka watoto shule miezi mitano, nani atalipa nyumba kliniki ikikupunguzia siku, na yeye atakula na nani jioni. Posho za wabunge wa majimbo hazilingani na mshahara wa daktari. Kuna majimbo, kama New Hampshire, ambako mbunge hulipwa dola 100 tu kwa mwaka, na Texas dola 600 kwa mwezi. Oregon wanalipa zaidi ya hapo, lakini bado utashuka. Mweleze kwa tarakimu, siyo kwa maneno ya "tutaona".

Na ukitaka kuona kwamba ndoa huweza kustahimili uchaguzi, mtazame Martha Hughes Cannon wa Utah. Alikuwa daktari, na mke wa nne katika ndoa ya wake wengi. Mwaka 1896 aligombea useneti wa jimbo, na kwenye karatasi ileile ya kura, kwa chama kingine, alikuwepo mume wake. Mke akashinda, mume akashindwa, na Martha akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuchaguliwa seneta wa jimbo. Kazi zake bungeni zina harufu ya zahanati: sheria ya elimu kwa watoto viziwi na vipofu, bodi ya afya ya jimbo, na sheria ya kulinda afya ya wanawake na wasichana wa kazi, ambayo iliwataka waajiri wawape viti. Viti tu, ili muuza duka asisimame kutwa. Mtu aliyewahi kukanda miguu iliyovimba ndiye anayekumbuka kuandika kiti kwenye sheria. Hilo ndilo ninaloliona ndani yako, na ndiyo sababu siwezi kukuambia ukae nyumbani.

Nirudi kwa Kitzhaber mara ya mwisho, kwa sababu kisa chake kina mwisho mchungu. Alikuja kuwa gavana, vipindi viwili, kisha akarudi tena mwaka 2011. Februari 2015, mwezi mmoja tu baada ya kuapa kwa kipindi cha nne, akajiuzulu kwa tuhuma kwamba kazi za malipo za mchumba wake zimechanganyika na ofisi ya gavana. Waendesha mashtaka wa shirikisho walimaliza uchunguzi mwaka 2017 bila kumshtaki mtu, lakini tume ya maadili ya jimbo ikaona alivunja sheria, akakubali kulipa faini. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya televisheni za nchi nzima na kusema hapana, akaangushwa na mambo ya nyumbani kwake. Mume wako ni mwalimu, na bunge hilohilo hupanga fedha za shule. Liseme wazi siku ya kwanza, na kila mara linapotokea, kabla hujaulizwa.

Na kliniki yako iwe kliniki. Bango la kampeni lisitundikwe kwenye chumba cha kusubiria. Majalada ya wagonjwa hayawi orodha ya wapiga kura, hata anwani moja isitoke humo. Sheria inakataza, na hata isingekataza. Mgonjwa aliye nusu uchi kwenye kitanda chako asiombwe kura wala mchango, na akianzisha yeye mazungumzo, mwambie mtaongea nje akishavaa. Wapo watakaokuchukia kwa chama chako, ambacho hukukitaja nami sikuulizi. Na hao wahakikishie kwamba presha yao utaipima vilevile.

Ushauri wangu ni huu, daktari: gombea, lakini si mwakani.

Najua utaniambia kiti kilicho wazi hakingoji. Huenda. Lakini uwakilishi ni wa miaka miwili miwili, na kiti kitarudi kwenye kura upesi. Daktari mwenzako hatarudi kwenye miaka 50. Ukiondoka sasa, mji mzima unabaki na mtu mmoja wa miaka 67, naye akiteleza kwenye barafu, hamna daktari. Hapo utakuwa mwakilishi wa kaunti uliyoichangia kukosa tabibu, na hilo hutalistahimili. Nimekusoma, najua.

Itumie miaka miwili hii kumpata mtu wa kushika nafasi yako, na ifuate njia uliyopitia wewe. Ule mpango uliokuruhusu kubaki, ulioanzishwa mwaka 1994, unaipa kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka za madaktari wa kigeni watakaotumikia maeneo yenye uhaba. Wewe unaujua kutoka ndani, unajua fomu zake, unajua upweke wa mwaka wa kwanza na baridi ya Februari inayomfanya mtu afungashe mizigo. Washike wale wanne waliokuja kwako. Mfugaji atafute nyumba, mchungaji aandae watu wa kumkaribisha, mama wa duka na mwalimu mkuu waibane hospitali iandike maombi. Kama kweli wanakutaka bungeni, wakusaidie kwanza kuacha mlango wa kliniki ukiwa wazi. Namna watakavyolifanya hilo itakuonyesha kampeni yako itakuwaje.

Wakati huohuo usikae kimya. Kamati za bunge la Oregon zinapokea ushahidi wa raia hata kwa video. Mswada wa wodi za uzazi ukija, fungua kompyuta hapo kliniki kati ya mgonjwa na mgonjwa, uwaambie habari za pikapu, koti na kituo cha mafuta, bila kumtaja binti wala kutoa kitu cha kumtambulisha, na kwa idhini yake. Dakika chache zitatosha. Utajua pia jinsi unavyojisikia watu wanapokusikiliza huku wanatazama simu zao, maana huko ndiko unakotaka kwenda.

Mama yako mpigie Jumapili. Usibishane naye kuhusu domo. Mweleze habari za vile viti vya wauza duka vya Utah, halafu umsikilize.

Na yule mzee usimwache asome gazetini kwamba unagombea. Mwambie wewe, ukiwa umepiga magoti mbele yake na mguu wake uko mkononi mwako. Atanuna. Daktari mpya atakapofika, huyo awe mgonjwa wake wa kwanza. Wewe vuta kiti ukae pembeni, mikono mapajani, usiguse kitu, hata ikichukua asubuhi nzima, mpaka soksi zitoke.